Mlezi wa Utelezi

Jina lake la ubatizo nalijua, lakini silitumii hapa, kwa maana kijijini kwetu hakuna aliyelitumia. Tulimwita Fundi Mawe. Watoto walikuwa na jina lao baya zaidi, nitalifikia. Naandika habari zake katika daftari lililobaki na kurasa tupu baada ya mtihani, kwa sababu kuna ahadi aliyowapa akina mama wa bondeni, mama yangu akiwamo, na mimi ndiye niliyekaribia kuivunja kwa mikono yangu miwili, tena kwa nia njema kabisa.

Ahadi yenyewe ilikuwa fupi. Maji yanayotoka kiwandani yatafika kwenye vinyungu yakiwa maji.

Mtu wa kwetu haambiwi vinyungu ni nini. Kwa wengine nitasema ni bustani za bondeni, zile tunazozifungua mvua zikishakwisha, udongo ukiwa bado una unyevu, tukapanda mahindi, maharage na njegere wakati huko juu ardhi imekauka na upepo wa Makambako unachuna midomo. Kinyungu cha mama yangu ndicho kilichotulisha tangu baba alipofariki, na ndicho kilichonipeleka shule. Kilikuwa cha tatu kutoka kwenye mfereji wa kiwanda.

Kiwanda kilikuwa cha nguzo za simu. Miti ya mikaratusi ilikaushwa, ikasukumwa ndani ya tangi refu la chuma, ikapikwa kwa mvuke katika dawa nyeusi ambayo meneja wa Kizungu aliiita kreosoti. Nguzo zilitoka zikinuka lami, na mchwa hawakuzigusa. Ila katika kupikwa huko miti hutoa maji, na maji hayo hutoka pamoja na dawa. Wafanyakazi waliyaita jasho la nguzo. Yalikuwa ya rangi ya chai iliyochemka mno, na juu yake palielea mafuta yenye rangi za upinde wa mvua. Kabla ya Fundi Mawe kuja, jasho lile liliachwa lizame nyuma ya ua, na kila mwaka lilisogea hatua chache kuelekea bondeni. Viluwiluwi walitoweka kwenye dimbwi la juu. Mama mmoja alipanda maharage karibu na pale, yakachipua yakiwa yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi.

Ndipo meneja akamleta yeye.

Alikuwa mrefu, amevaa koti la jeshi lililopoteza vifungo vyote isipokuwa kimoja, na kofia aliyoivua mbele ya watu wawili tu, padre na meneja. Ufundi wake aliupata vitani, katika kikosi cha usafi, halafu miaka kadhaa kwenye mtambo wa maji machafu wa mji mkubwa. Vita vyenyewe alivisimulia kwa namna nyingi. Siku nyingine alikuwa Misri, siku nyingine Burma, na siku moja alisahau akawa pote pawili katika wiki ile ile. Niliona, nikanyamaza. Mimi huona mengi nikanyamaza, ndivyo nilivyo.

Alichokijenga kilikuwa rahisi kukiangalia. Kwanza shimo la kutuliza, ambamo dawa nzito huzama, na nyepesi huelea ikazuiwa na majani makavu. Kisha birika la mviringo la matofali, kimo cha mtu, limejaa mawe ya ukubwa wa ngumi. Jasho la nguzo, likiwa limechanganywa na maji ya kijito, lilidondoka juu ya mawe kutoka kwenye mabomba yenye matundu, likateremka jiwe kwa jiwe, likatokea chini kwenye mfereji. Basi. Hakuna moto, hakuna mashine. Kazi yote ilifanywa na utelezi.

Utelezi ule ulikuwa wa rangi ya kijivu na kahawia, mzito, unaoteleza kama samaki. Yeye aliuita mifugo. Alisema ndani yake mna wadudu wasioonekana, maelfu kwa maelfu, nao hula dawa kama ng'ombe anavyokula majani. Watoto waliposikia hivyo, wakachungulia ukutani na kuona kile kinachong'aa juu ya mawe, wakampa lile jina nililosema. Baba Kamasi.

Na nyapara wa kiwanda, rafiki yake mkubwa, hakuwakemea. Alikuwa Mkinga mfupi mwenye sauti nene, na kila Jumamosi mchana wawili hao walichoma viazi pamoja nyuma ya stoo, Mkatoliki na Mlutheri, wakibishana juu ya nani huimba vizuri zaidi kanisani.

"Wenzako wanafuga ng'ombe," nyapara alimwambia siku moja, akina mama na sisi watoto wao tukiwa tumejaa mlangoni. "Wewe Fundi unafuga kamasi."

"Na hao ng'ombe wako hunywa wapi?" Fundi akamuuliza, akigeuza kiazi.

Tulicheka sisi wote, nyapara akizidi.

Nimesema alikuwa mlezi, na sikutia chumvi. Mifugo ile hakuichukulia kama kitu cha kujiotea. Aliianzisha kwa matope aliyochota nyuma ya ua, pale pale jasho lilipokuwa limezama miaka yote. Mama alimuuliza kwa nini achukue matope mabaya kuliko yote, naye akajibu kwamba ndiyo yenye wadudu waliokwisha kuzoea shida. Wiki ya kwanza aliwapa maji matupu yenye mkojo wa ng'ombe na majivu ya mifupa, maana dawa peke yake, alisema, ni ugali bila mboga. Wiki ya pili aliongeza kikombe kimoja cha jasho kwa debe. Halafu viwili. Ilichukua miezi. Meneja alipomhimiza afungue bomba lote, alikataa katakata.

"Mpe kidogo leo," alisema, "kesho atadai mwenyewe."

Alisema hivyo juu ya wadudu, na juu ya ndama, na juu yangu pia nilipoanza kutumwa kumpelekea maziwa nikashindwa hata kuitikia salamu. Mwezi wa kwanza hakunisemesha zaidi ya salamu yetu ya "Kamwene" na "Mwambie mama asante." Mwezi wa pili akaongeza swali moja. Nilipoondoka kwenda shule ya bweni, safari ya siku tatu kwa basi na treni, nilikuwa naweza kuzungumza naye robo saa nzima bila kuangalia vidole vya miguu yangu.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na hasira za karibu. Aliazima jembe letu akalirudisha baada ya mwaka, mpini si ule. Mama mmoja alifua nepi juu ya mfereji unaoingia kwenye mawe, na Fundi akamfukuza kwa maneno ambayo padre angeyasikitikia, kwa kuwa sabuni nyingi huwaumiza mifugo. Na huyu huyu aliyeshinda mikono ikiwa ndani ya uchafu, chumba chake kilikuwa kisafi kuliko madhabahu. Alinawa mara tatu kabla ya kushika kikombe, na kikombe chenyewe hakumpa mtu.

Maji yake aliyapima kwa njia tatu. Aliyanusa amefumba macho. Alifuga viluwiluwi ndani ya beseni chini ya mfereji, akawahesabu asubuhi. Na aliloweka maharage kumi ndani ya mkebe. Yakichipua yamenyooka, siku hiyo alipiga mluzi.

Likizo moja nilimletea kitu kutoka shuleni. Nilikuwa nimemwandikia mwalimu wa kemia karatasi, kwa sababu kunyoosha mkono sikuweza, nikimuuliza dawa ya nguzo ni kitu gani hasa. Aliniita baada ya kipindi akanichorea umbo la pembe sita. Alisema vitu vingi vya lami vina pete kama hiyo, kaboni sita zimeshikana kwa nguvu, na ndiyo sababu vinanuka, vinadumu, na havitaki kuvunjika. Nilimchorea Fundi umbo lile kwa kijiti kwenye vumbi. Alihesabu pembe zake kwa kidole.

"Wakishikana mikono hivi wote sita," akasema, "mdudu wangu anaanzia wapi kula?"

Nilimwambia mwalimu mwenyewe hana hakika, ila anadhani ni hewa, kwamba hewa huingizwa kwanza penye pete ndipo ifunguke. Fundi aliinuka akaenda kupiga magoti kwenye matundu aliyoyaacha chini ya birika, yale ambayo meneja alitaka yazibwe, akapitisha mkono kuhakikisha upepo unaingia.

"Basi ndiyo maana," alisema, na tangu siku ile akaniita mwanafunzi badala ya binti.

Sasa naingia kwenye kosa langu.

Ulikuwa mwezi wa sita, nimerudi likizo. Mifugo ilikuwa imefikia kula jasho lote la kiwanda, na viluwiluwi walikuwa wamejaa kwenye beseni. Meneja alikuwa amemwekea Fundi mpaka: maji yakiwa safi siku ya kufungua vinyungu, birika litabaki. Yasipokuwa safi, atachimba mfereji wa moja kwa moja kushuka bondeni, na akina mama watafute bonde jingine. Jumbe alikuwa ameshakubali. Bonde hilo jingine lilikuwa mwendo wa nusu siku.

Tarishi akaja na habari kwamba Bwana Shauri, Mzungu wa boma, atapita Jumatatu kutoka Njombe, naye atakagua kiwanda. Kila mtu aliyeishi nyakati hizi anajua maana yake. Njia hufagiliwa, majani hukatwa, na mawe yote ya kando ya njia hupakwa chokaa mpaka yang'ae. Bwana Shauri anakuja, mawe yanakuwa meupe, hatujawahi kuuliza sababu. Fundi alikuwa amekwenda misheni tangu Ijumaa kwa sikukuu ya parokia. Jumamosi tulitumwa sisi vijana wa kanisa. Tulipomaliza njia, mimi na wasichana wawili wadogo wa shule ya Jumapili tulifika kwenye birika, na moyo wangu ukaumia. Kila kitu kilikuwa kinameremeta, isipokuwa kazi ya Fundi. Nikawaza Bwana Shauri akiiangalia akikunja pua, na watu wakisema Baba Kamasi.

Nilijua kwamba mle mna mifugo. Hilo siwezi kulikana. Lakini nilikuwa nimeiweka kichwani ikiishi chini, ndani, kama samaki, na ule uchafu wa juu nikauona ni uchafu tu. Nilikwenda kwa nyapara nikamwomba chokaa kidogo iliyosalia. Alinijazia ndoo bila kuuliza ya nini. Tulisugua mawe ya juu kwa brashi za katani na mchanga, tukayapaka chokaa, tukayapanga kwa duara. Iliyobaki ndooni tuliimwagia maji na kuipitisha katikati, ili na ya ndani yapate weupe. Nilirudi nyumbani nikiimba. Sijawahi kujivunia kazi kama ile.

Fundi alirudi Jumapili jioni. Mama yangu alimwona akisimama mbele ya birika, halafu akaketi chini palepale, na koti lake. Jumatatu Bwana Shauri alipita na meneja, akanyoosha fimbo kuelekea mawe meupe, akasema safi sana. Chini, chokaa ikiwa imeiua mifugo, mfereji ulikuwa umeanza kutoa maji ya rangi ya chai. Viluwiluwi walikuwa wamegeuka matumbo juu.

Baada ya mgeni kuondoka Fundi aliuliza kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, chokaa imetoka wapi. Nilikuwepo, nimeshika chupa ya maziwa.

"Chokaa ni ya stoo," alisema nyapara. "Na stoo ni yangu."

"Nani alipaka?"

Nyapara aliangalia juu ya kichwa changu, mbali. Alijua. Alijua pia kwamba jumbe angeniita barazani, na mama yangu pamoja nami. "Nimesema stoo ni yangu," akarudia.

Fundi alimwambia kwamba sasa anajua maana ya ule mzaha wa kamasi wa miaka yote. Alimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Kisha nikaweka maziwa kwenye jiwe nikaenda nyumbani, nikamwambia mama kila kitu, naye hakunipiga wala kunibembeleza. Alichukua jembe.

Asubuhi yake akina mama wa vinyungu walipanda kiwandani, kumi na mmoja, na mama yangu alimwambia meneja kwamba tutachimba shimo jingine sisi wenyewe, jasho likae humo mpaka mifugo ipone. Meneja alisema hajawahi kuona wanawake wakiomba kazi ya shimo. Mama akamjibu kwamba yeye hajawahi kuona kinyungu cha lami. Sikujua mama yangu ana ulimi ule. Meneja akakubali kungoja, tukachimba siku nne.

Fundi alitoa mawe ya juu yote, akayaosha chokaa, akayaacha yakauke. Mawe ya chini kabisa, ambako chokaa haikufika, bado yaliteleza. Aliyainua moja moja kama mayai akayaleta juu. Mimi nilibeba matope ya nyuma ya ua kwa debe, safari baada ya safari, wala sikusema neno, na yeye alifikiri nanyamaza kwa sababu ya tabia yangu. Ilikuwa baridi ya kugandisha umande, na mifugo, alisema, huwa mivivu wakati wa baridi. Alizungushia birika mafungu ya majani makavu, upande wa upepo, akiacha matundu ya hewa wazi. Alianza tena na kikombe kimoja kwa debe. Kumi na mmoja wale walileta mkojo wa ng'ombe kila asubuhi, kwa zamu, wakitaniana njiani ng'ombe wa nani ana bidii zaidi.

Nilirudi shule kabla sijaona mwisho wake. Mwezi wa nane ikaja barua, mama ameisema na mwinjilisti ameiandika, na katikati ya salamu nyingi palikuwa na mstari huu: maharage ya Fundi yamechipua, yote kumi yamenyooka, nasi tumefungua vinyungu, tumechelewa lakini tumefungua. Niliisoma chooni, mahali pekee penye faragha, nikalia.

Birika lilibaki. Bonde lilibaki. Ila viazi vya Jumamosi havikuchomwa tena. Kila likizo nilimkuta Fundi upande wake wa ua na nyapara upande wake, wakipitana kama nguzo mbili, na kila likizo niliahidi daftari langu kwamba kesho nitasema. Miaka miwili na nusu ya kesho.

Wiki iliyopita niliteremka Makambako, nimemaliza shule. Upepo ulikuwa ukirusha vumbi kwenye stendi, na palikuwa na ugomvi kwenye basi la Mbeya. Utingo alikuwa anakataa kupandisha madebe mawili yaliyofungwa magunia yenye majimaji.

"Mzee, abiria wananilalamikia. Humu mna nini, maiti?"

"Mifugo," alisema mwenye madebe.

Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi, kifungo kile kimoja kimetoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kabla sijamaliza. Alinieleza kwamba kiwanda kingine cha nguzo kimefunguliwa huko, maji yao yameanza kuua kijito, nao wamemwita. Anabeba mawe yake yenye utelezi akawape mbegu, wasianze na kikombe kimoja kama sisi. Alikuwa na furaha kama bwana harusi. Utingo akakubali mwishowe, madebe yakapanda, na Fundi akaweka mguu kwenye ngazi.

Nilisema hapo. Si kwa ushujaa, ni kwa sababu basi lilikuwa linawasha injini.

"Fundi, chokaa nilipaka mimi. Nyapara alinipa ndoo, hakujua ya nini. Alinificha."

Hakugeuka. Nilimwona mgongo tu, na mkono wake kwenye chuma cha mlango. Watu wa nyuma walianza kumsukuma, na mama mmoja mwenye kuku akamwuliza kama anapanda au analinda mlango.

"Shusha madebe yangu," akamwambia utingo.

"Mzee, basi halikungoji wewe."

"Liende."

Tulitembea hadi kiwandani, yeye debe moja begani, mimi jingine kichwani, sanduku langu nimeliacha dukani. Alitangulia hatua kumi mbele yangu. Sikuwa na haki ya kutaka aningoje. Nyapara alikuwa uani akihesabu nguzo, na alipotuona wawili pamoja aliacha kuhesabu.

Fundi alitua debe akasogea kando. "Huyu ana neno," alisema.

Nikasema yote, tangu brashi mpaka maziwa niliyoyaacha kwenye jiwe, na sauti yangu haikuwa nzuri lakini ilifika mwisho. Nyapara alinisikiliza akitikisa kichwa taratibu.

"Najua, mwanangu," alisema. "Ndoo nilikujazia mwenyewe." Kisha akamtazama Fundi. "Na wewe? Umekuja kumsindikiza tu?"

Fundi alivua kofia. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akafungua mdomo, na mtu yule aliyekuwa na vita viwili vya kusimulia hakupata pa kuanzia. Niliijua hali yake. Niliiishi miaka miwili na nusu.

Nyapara alingoja. Halafu akainama, akafungua gunia la debe, akagusa mawe kwa kidole, akachukua kata kwenye pipa la maji ya kijito.

"Yanakauka haya," alisema, akianza kuyamwagia polepole. "Wewe sema tu, Fundi. Mimi nawanywesha."